Programu Zetu Hazijui Neno "Kurudi"

Jamani, leo sina habari za simu mpya, wala sitaki ubishi wa lugha gani ya programu ni bora kuliko nyingine. Leo nimekasirika. Sehemu ya hasira yenyewe ni juu ya waajiri, sehemu ni juu ya sheria, na sehemu kubwa kidogo ni juu yangu mwenyewe. Wale wanaokuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata msikimbie, tutafika huko muda si mrefu.

Kisa kilitokea Lodwar, getini. Kuna shirika moja, nisilitaje jina, lenye ofisi Lodwar na nyingine Kakuma. Mimi ndiye niliyewaandikia mfumo wao wa likizo na mahudhurio. Asubuhi mfanyakazi anaweka kidole kwenye mashine, mashine inamtambua, mlango unafunguka, siku yake inahesabiwa. Siku hiyo nilikuwa nimeketi na mzee wa geti nikibadilisha betri ya hiyo mashine.

Akaja dada mmoja, afisa wa nyanjani, anatembea na mkongojo. Alikuwa nje ya kazi miezi saba. Boda boda ilimwangusha mjini Jumapili moja, mfupa wa paja ukavunjika, akapelekwa Eldoret kupasuliwa na kuwekewa chuma, kidonda kikaingia usaha, akapasuliwa tena. Sasa amepona kiasi, na daktari amemwandikia arudi kazini aanze na kazi nyepesi.

"Madam, ejok! Umerudi kweli?" mzee akamwambia, wakacheka, wakashikana mikono. Akaweka kidole. Taa nyekundu. Akakipangusa kwenye leso, akaweka tena. Nyekundu.

Mzee alimfahamu dada huyu miaka minne. Alijua hata watoto wake wanasoma shule gani. Lakini agizo la geti ni agizo: asiyetambuliwa na mashine anaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Kitabu kikafunguliwa. Jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, halafu safu ya "Umekuja kumwona nani". Dada aliitazama ile safu kidogo, kisha akaandika jina lake mwenyewe. Akavishwa beji iliyoandikwa MGENI, akaingia kazini.

Mimi nimesimama pale na bisibisi mkononi. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilifanya kile nilichoiambia ifanye.

Ngoja niwaeleze nilichoiambia. Kwenye hifadhidata kuna jedwali la wafanyakazi, na ndani yake kuna safu inayoitwa "hali". Kwa kuwa nilijivunia kuutengeneza mfumo mzima kwa Kiswahili, nilizipa hali hizo majina mawili tu: HAI na SI HAI. Nikaandika kijiprogramu kinachojiendesha kila usiku saa sita. Akaunti isiyotumika siku 90 inageuzwa SI HAI. Ikifika siku 120, sanduku la baruapepe linafutwa ili kuokoa nafasi kwenye seva. Mkaguzi wa hesabu alifurahi sana, kwa sababu sote tunajua habari za wafanyakazi hewa katika nchi hii, na mimi nililipwa. Mistari kumi na miwili ya msimbo. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, dada yule alikuwa amelala hospitalini Eldoret akiwa si hai.

Jedwali la likizo nalo lina nini? Nambari ya mfanyakazi, aina ya likizo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, aliyeidhinisha. Basi. Fomu ya kuondoka ina sahihi tatu na taarifa ya makabidhiano. Fomu ya kurudi haipo. Nimefungua mifumo mingine mitatu ya aina hii inayouzwa hapa nchini, miwili ni ya watu ninaowaheshimu, na yote ni hivyo hivyo. Kuondoka ni shughuli yenye hatua zake. Kurudi ni tarehe tu.

Hoja yangu leo ndiyo hiyo: kurudi kazini baada ya kukaa nje muda mrefu ni kazi yenyewe, ina hatua zake, na ni ya mwajiri kuipanga. Sisi tumeifanya kuwa swichi ya taa. Jana ulikuwa umezimwa, leo umewashwa, haya twende.

Kilichofuata kwa dada yule nitakisema kwa kifupi. Meza yake ilikuwa na mtu mwingine. Kompyuta yake ilikuwa Kakuma. Baruapepe za miaka minne zilikuwa zimefutwa na mimi. Hakuna aliyekaa naye hata nusu saa kumweleza nini kimebadilika, na kilikuwa kimebadilika kingi: mradi mmoja umefungwa, fomu za nyanjani zimehamia kwenye simu, msimamizi ni mpya. Siku ya pili akapangiwa gari la Kakuma, karibu kilomita 120 kwenda na nyingine 120 kurudi, na katikati yake asimame mchana kutwa kwenye ugawaji. Kazi nyepesi hiyo. Hakukataa, maana nani atakataa siku ya pili? Baada ya wiki tano akaandika barua ya kuacha kazi. Bosi akasema, nilikuwepo, "Nilijua tu hataweza." Kisha nafasi yake ikakaa wazi miezi mitatu wakitafuta mtu anayejua Kiturkana, anayejua kazi, na aliye tayari kukaa Lodwar.

Hakushindwa na mguu, jamani. Alishindwa na sisi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana nilipoanza kulalamika niliambiwa kwamba shirika lilifuata sheria. Nikaisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Ndiyo, umesoma sawasawa. Siku 14. Mfupa wa paja haujui habari za siku 14. Kifungu cha 41 kinasema kabla hujamwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza kimwili lazima umweleze sababu na umsikilize akiwa na mwenzake anayemchagua. Kifungu kizuri, lakini kinahusu kumtoa. Cha kumrudisha kiko wapi?

Nilichokiona kinahusu uzazi. Kifungu cha 29 kinampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na kinasema ikiisha ana haki ya kurudia kazi aliyokuwa nayo, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Hilo ni jambo kubwa, na akina mama walilipigania. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba waajiri watenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na muda wa kufanya hivyo. Nitajieni ofisi ngapi za Lodwar zina chumba hicho. Mimi nimefunga nyaya za intaneti katika ofisi nyingi za mji huu, nimetambaa chini ya meza zake na kupanda juu ya dari zake. Chumba cha seva chenye kiyoyozi nimekiona. Hicho kingine bado.

Kwa hiyo hata pale sheria inapotaja kurudi, inataja haki ya kiti. Haisemi wiki ya kwanza iweje, nani akupokee, saa ngapi uanze nazo. Na mwajiri wetu, kama programu yangu, anafanya kile tu alichoandikiwa.

Wenzetu wengine wameandika. Ujerumani, tangu 2004, mfanyakazi akiugua zaidi ya wiki sita ndani ya miezi 12, mwajiri analazimika kumwalika wakae wazungumze: nini kifanyike arudi na asiugue tena? Mfanyakazi ana uhuru wa kukataa mwaliko, lakini mwajiri hana uhuru wa kutoualika. Tena huko mtu anaweza kurudi kwa ngazi, saa mbili kwa siku, kisha nne, kisha sita. Uholanzi ina sheria ya mwaka 2002 inayotaka mwajiri na mgonjwa waandike mpango wa kurudi kufikia wiki ya nane, na mwajiri anaendelea kulipa angalau asilimia 70 ya mshahara hadi miaka miwili. Ukilipa hivyo, utajali sana mtu wako arudi vizuri. Uingereza nao, Aprili 2010, walibadilisha karatasi ya daktari. Zamani ilimwambia mwajiri mtu anaweza au hawezi kazi. Tangu hapo daktari anaweza kusema anaweza kazi iwapo kuna marekebisho, na kuna visanduku vinne vya kutia alama: kurudi kwa hatua, kubadilisha saa, kubadilisha majukumu, na kurekebisha mahali pa kazi.

Watengenezaji programu wenzangu, mmeona hapo? Kutoka thamani mbili hadi visanduku vinne. Walirekebisha jedwali! Daktari wa Eldoret aliyeandika "kazi nyepesi" alijaribu kusema jambo lile lile, lakini ofisi haikuwa na mahali pa kuliweka, kwa hiyo likaingia kwenye faili na faili likaingia kabatini.

Najua mtu ataniambia huko ni Ulaya. Sawa, turudi Turkana. Mimi nasema hapa ndipo tunapohitaji mpango wa kurudi kuliko hata huko.

Kwanza umbali. Mtu akiugua sana hapa, mara nyingi anaondoka kaunti nzima. Matibabu makubwa yako Eldoret au Nairobi, na wafanyakazi wengi wa Lodwar na Kakuma kwao ni kwingine, wameacha familia Kitale, Kisii, Machakos. Ugonjwa unamtoa ofisini, unamtoa na mjini. Nyumba ya kupanga inarudishwa, vitu vinauzwa. Siku ya kurudi anaanza kutafuta chumba huku anatafuta meza.

Pili ni aina ya kazi zenyewe. Kazi nyingi hapa ni za kusafiri: gari, vumbi, jua kali, Lokitaung leo, Lokichoggio kesho. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa kwa kazi ya kuketi ofisini Lodwar na asiwe tayari kwa kilomita 240 kwa siku. Jibu la "mzima au si mzima" halitoshi.

Tatu, kifua kikuu. Turkana ni moja ya kaunti ambazo ugonjwa huu umezisumbua kwa miaka mingi. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, lakini kwa kawaida baada ya wiki kadhaa za dawa zinazofanya kazi mgonjwa haambukizi tena. Maana yake anaweza kurudi kazini mapema huku akiendelea na dawa, mradi apewe nafasi ya kwenda kliniki na ya kupumzika. Lakini ameandaliwa nani ofisini? Wenzake wanafungua madirisha akiingia na kuhamisha vikombe vyao. Dakika 15 za muuguzi kuongea na ofisi zingemaliza hayo yote. Hakuna aliyepanga hizo dakika 15, kwa sababu kurudi si shughuli ya mtu yeyote.

Nne, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda, ni Kakuma. Kambi ilianza 1992, leo ina zaidi ya miaka 30, na ukiiunganisha na Kalobeyei ni makao ya watu wengi kuliko miji yetu mingi. Kazi nyingi za kila siku humo, ualimu, ukalimani, uhamasishaji wa afya, zinafanywa na wakimbizi wenyewe, kwa malipo yanayoitwa insentivu. Si mshahara, ni posho, na ni ndogo sana ukilinganisha na ya Mkenya anayefanya kazi ile ile meza ya pili. Mkalimani wa insentivu akiugua miezi mitatu, jina linafutwa na kuandikwa lingine. Akihitaji hospitali ya Eldoret au Nairobi, lazima kwanza apate kibali cha kutoka kambini. Akirudi, anapanga foleni ya kuomba kazi upya kama mtu aliyefika jana. Siku hizo tunaongea sana juu ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na haki ya kufanya kazi. Haki ya kufanya kazi ambayo inaisha ukipata mimba au malaria kali ni haki ya namna gani?

Tena tangu mwaka 2025 mambo yamekaza. Marekani ilipositisha misaada yake Januari mwaka ule, miradi ilifungwa, watu walipunguzwa kazi Lodwar na Kakuma, na mgao wa chakula kambini ukakatwa. Ninaowajua waliobaki kazini wameingia woga wa kuugua. Mtu amefanyiwa upasuaji, anakuja na bandeji, kwa sababu anaogopa akikosekana mwezi mmoja meneja atagundua kwamba ofisi inaenda bila yeye. Huko si kurudi kazini, huko ni kujificha kazini. Ofisi yenye mpango ulioandikwa wa kurudi inamwambia mtu wake: pona, kiti kipo, na tutakupokea hivi na hivi. Ofisi isiyo nao inamwambia: usithubutu kuugua.

Sasa nijibu pingamizi, maana nimeshazisikia zote kwenye vikao.

"Akaunti zikiachwa wazi ni hatari." Kweli kabisa. Mimi ndiye wa kwanza kusema akaunti isiyotumika ifungwe. Lakini kufunga si kufuta. Funga mlango, usibomoe nyumba. Baruapepe za mtu mmoja kwa miaka minne ni nafasi ndogo kiasi gani siku hizi? Hifadhi ya gigabaiti kadhaa ni rahisi kuliko mafuta ya safari moja ya Kakuma.

"Watu watatumia vibaya." Wapo watakaojaribu, kama wapo wanaobeba karatasi za siku ofu za kununua. Ndiyo maana mpango una tarehe ya mwisho na karatasi ya daktari. Mpango wa wiki nne unaisha wiki ya nne. Kukosa mpango ndiko kunakoacha mambo yaelee, mtu anafanya nusu kazi mwaka mzima na hakuna anayejua alitakiwa kufanya nini.

"Mfadhili hana bajeti ya hilo." Hebu tupige hesabu. Wiki mbili za nusu siku, kisha wiki mbili za robo tatu ya siku, kwa mshahara kamili. Wiki mbili za kwanza unapoteza wiki moja ya kazi. Wiki mbili za pili unapoteza nusu wiki. Jumla ni wiki moja na nusu. Shirika lile lilikaa miezi mitatu bila mtu, likalipia tangazo, likalipia usaili, likamfundisha mpya. Nani amepoteza pesa za mfadhili hapo? Halafu baadhi ya mashirika ya huku yana makao makuu katika nchi zenye sheria kama hizo nilizotaja. Je, utu wao ukifika Lodwar unayeyuka kwa joto?

"Biashara ndogo haiwezi." Biashara ndogo nyingi zinafanya tayari! Mwenye duka pale sokoni, msaidizi wake akirudi kutoka hospitali, anamwekea kiti apokee pesa, magunia anabeba mwingine, na mchana anamwambia nenda nyumbani ukalale. Hajasoma sheria ya Ujerumani. Anamwona mtu mbele yake. Ni sisi wenye mifumo na idara tuliopoteza macho.

Na kama mtu bado anadhani kurudi kwa hatua ni udhaifu, nimkumbushe historia ya mji huu. Mzee Jomo Kenyatta alihamishiwa Lodwar 1959 na kuwekwa hapa hadi 1961. Akapelekwa Maralal, Agosti 1961 akafika nyumbani Gatundu. Oktoba akachukua uongozi wa KANU, Januari 1962 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, Aprili akawa waziri katika serikali ya mseto, na Juni 1963 ndipo akawa Waziri Mkuu. Karibu miaka miwili, ngazi baada ya ngazi. Ndiyo, najua siasa ndiyo iliyopanga hatua hizo, si idara ya wafanyakazi. Lakini fikiria angetoka Maralal Jumatatu na Jumanne akabidhiwe nchi, baada ya miaka tisa ya kufungiwa, bila kuelezwa nini kimebadilika!

Basi nini kifanyike? Mimi si wakili wala daktari, ni mtu wa kompyuta, kwa hiyo nitaandika kama orodha ya kazi:

1. Mtu akiondoka kwa zaidi ya mwezi mmoja, achaguliwe mtu mmoja wa kumpigia simu, kwa kadiri mgonjwa mwenyewe anavyotaka. Simu ya kumjulia hali, si ya kumuuliza faili liko wapi.

2. Mshahara ukisimama, mtu asitolewe kimyakimya kwenye orodha ya mishahara. Tangu Oktoba 2024 makato ya SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara. Mfumo ukimwondoa mtu kwenye orodha, makato yake hayapelekwi, na anaweza kujikuta bila bima wakati ule ule yuko hospitalini. Aambiwe mapema, kwa maandishi, ajue la kufanya.

3. Wiki mbili kabla ya kurudi, kikao cha saa moja: mfanyakazi, msimamizi, na karatasi ya daktari mezani. Iandikwe saa ngapi, kazi gani, safari zianze lini. Safari za nyanjani ziwe za mwisho kurudi, si za kwanza.

4. Siku ya kwanza kila kitu kiwe tayari: kidole kinatambulika, neno la siri jipya lipo, meza ipo, kiti kinachomfaa kipo. Mtu wa kompyuta apewe taarifa siku tatu kabla, si saa mbili asubuhi mtu akiwa amesimama getini.

5. Aandikiwe ukurasa mmoja wa mabadiliko. Programu yoyote ikitoka toleo jipya, tunaandika nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, nini kimerekebishwa. Tunaifanyia hivyo programu ya kupigia hesabu za mafuta ya gari. Binadamu aliyekuwa nje miezi saba tunamwambia "utajionea".

6. Wenzake waelezwe yale tu aliyokubali waelezwe. Ugonjwa ni wake.

7. Na haya yote yamhusu na mfanyakazi wa insentivu Kakuma. Jina lake lifungwe kwa muda, lisifutwe. Anayeshika nafasi yake aambiwe tangu mwanzo kwamba anaishikilia.

Sheria ikibadilishwa nitafurahi. Bunge likiongeza kifungu kimoja tu, kwamba aliyekosekana zaidi ya wiki sita kwa ugonjwa au kuumia lazima aitwe kikao cha kurudi, nitakuwa wa kwanza kukisifu hapa. Lakini hakuna katika hayo saba kinachosubiri Bunge. Yanasubiri meneja mmoja na mtu mmoja wa kompyuta.

Kwa upande wangu nimeanza. Kijiprogramu cha usiku nimekibadilisha, hakifuti tena sanduku la mtu yeyote aliye kwenye likizo. Safu ya "hali" sasa ina thamani nne: YUPO, LIKIZONI, ANARUDI, AMEONDOKA. Hiyo ANARUDI ina jedwali lake, lenye tarehe ya kikao, saa za kila wiki, na jina la anayempokea. Mtu akibakiza wiki mbili arudi na kikao hakijafanyika, msimamizi wake anatumiwa baruapepe kila asubuhi, na nimehakikisha hawezi kuizima. Ilinichukua siku mbili. Siku mbili tu, na ningeweza kuzifanya tangu mwanzo kama ningejiuliza swali moja.

Shirika lile nililipelekea mabadiliko haya bure. Wamekubali kubakiza baruapepe. Jedwali la ANARUDI wamesema watalijadili katika mwaka ujao wa fedha. Mimi nitaendelea kuwauliza kila ninapokwenda kubadilisha betri.

Dada yule sasa anafanya kazi ya hesabu kwa mfanyabiashara mmoja mjini, ameketi, na mguu unaendelea vizuri. Nilimwomba radhi. Akaniambia mambo ya kompyuta yaliyotokea ameyasamehe, ila kile kitabu cha wageni ndicho bado anakikumbuka.

Kwa wenzangu mnaoandika mifumo ya wafanyakazi: fungueni jedwali lenu leo jioni mtazame kama lina mahali pa mtu anayerudi. Anayetaka muundo wa jedwali langu aniandikie, nitamtumia bila malipo.